Gia Boksi Huulizwa Kwanza

Mtu akija gereji kuulizia kubadilisha injini ya gari kuukuu, maneno yake yote huwa ya injini. Atakueleza ameiona wapi, imetoka Japani lini, mwenye duka aliiwasha mbele yake ikaitika mara moja, na itakula mafuta kiasi gani. Injini ina sauti, na chenye sauti ndicho hununuliwa. Mimi humwacha amalize, kisha humwuliza: na gia boksi? Wengi hunyamaza kidogo. Wengine hujibu kwa mshangao, "Si ipo?" Ipo, ndiyo. Ipo kama mke mwenza alivyo nyumbani: usiposhauriana naye mapema, utashauriana naye baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Kazi hii niliiona mara ya kwanza mwaka 2005, nikiwa spana boi upande wa Malaba ya Kenya. Nyumbani kwetu ni Mella, wilaya ya Tororo, Uganda. Mjomba, kaka yake mama, kwao ni ng'ambo, Teso ya Kenya. Kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Watu wetu, Iteso, wako pande zote mbili, na waliochora mpaka hawakuuliza nani ameoa wapi. Asubuhi nilivuka kwenda kazini, jioni nikarudi kulala kwetu, na mfukoni nilikuwa na shilingi za nchi mbili.

Mjomba alikuwa na Toyota HiAce ya miaka ya 1980, ile ya pua fupi, injini iko chini ya viti vya mbele. Ilifanya kazi ya matatu kati ya Malaba na Busia kupitia Adungosi. Injini yake ilikuwa 2Y ya petroli, sentimita za ujazo 1,812, na gia boksi ya gia nne iliyoendeshwa kwa mti wa pembeni ya usukani. Kwa miaka mingi hesabu yake ilikaa sawa, kwa sababu moja tu: abiria wa ziada. Waliokaa kwenye viti walilipa mwenye gari, dereva na konda. Waliosimama wameinama, na wale wa ubao wa katikati, ndio walionunua petroli. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zikaanza kutumika: abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, mstari wa manjano ubavuni, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Waliokuwa wakinunua petroli wakashushwa. Mwaka mmoja baadaye mjomba alikuwa akilalamikia pampu ya mafuta kuliko alivyolalamikia serikali, naye hakuwa mtu wa kuihurumia serikali.

Akaamua kwenda dizeli. Alipanda basi hadi Nairobi, akaingia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wanunuzi wa spea bado huiita Grogan, akarudi na 3L. Hii ni injini ya sentimita za ujazo 2,779, isiyo na turbo wala kompyuta, na ukiihudumia vizuri itakuzika. Mjomba alifikiria kwanza kuitafuta Kampala, soko la Kisekka, kwa kuwa alisikia bei ya kule ni nafuu. Mwaka ule Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanza tangu Januari, na watu wa mpakani wengi waliamini ushuru umekufa. Ushuru haukuwa umekufa kwa injini kuukuu ya Japani. Ulilegezwa kwa bidhaa zilizotengenezwa kwetu, na 3L haikutengenezwa Tororo. Kwa hiyo Nairobi.

Injini ile ilitoka kwenye Hilux, ikaja imeshikana na gia boksi yake ya gia tano. Mjomba aliona amepata bahati mara mbili. Fundi mkuu wetu aliizunguka, mikono nyuma, kisha akaniambia nimletee fimbo. Akaiweka juu ya gia boksi mahali mti wa gia unapotokea, akaipima hadi mwisho wa injini, akaingia ndani ya van na fimbo ile ile, akaisimamisha sakafuni.

"Mzee," alimwambia mjomba, "gia yako itatokea hapa."

Ilikuwa miguuni pa abiria wa safu ya kwanza, nyuma ya kiti cha dereva. Kwenye Hilux dereva hukaa nyuma ya injini, na gia boksi iko kandoni mwake. Kwenye HiAce dereva ameikalia injini, na gia boksi iko nyuma yake kabisa. Ndiyo maana Toyota waliweka mti wa gia kwenye usukani, ukashuka kwa viungo hadi ubavuni mwa gia boksi. Mtu mmoja pale gereji akashauri kwamba konda afundishwe kubadilisha gia, dereva akikanyaga klachi apige kelele "tatu!" Tulicheka, lakini nimeona magari kwenye barabara zetu ambayo naamini yalitengenezwa kwa ushauri wa mtu yule.

Kuna njia rahisi ya kutoka hapo, na mafundi wengi huikimbilia: unaiacha gia boksi ya zamani, unakata pleti ya chuma nene, unaitoboa matundu ya injini mpya upande mmoja na ya gia boksi ya zamani upande mwingine, unaifunga katikati. Fundi wetu hakupinga pleti kwa sababu haiwezekani. Alikuwa amezitengeneza nyingi. Alijifunza kazi kwenye malori, enzi zile ambapo lori lililokuwa likielekea Kampala au Kigali liliweza kulala Malaba siku nyingi likingoja karatasi, na dereva akatumia muda huo kushusha klachi kando ya barabara. (Tangu vituo vya pamoja vya forodha vianze kufanya kazi, kile cha Busia kikizinduliwa na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, kwa kawaida malori hayakai tena hivyo, na mafundi wa aina yake wamebaki na van na pikipiki.) Aliipinga kwa sababu mbili. Kwanza, pleti inasogeza gia boksi nyuma kwa unene wake, na shafti ya gia boksi haijui kwamba imesogezwa. Inabaki na urefu ule ule. Pili, na hili nililielewa miaka mingi baadaye, pleti haina namba ya spea. Ikipasuka Webuye usiku, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.

Alitaka kitu kingine: gia boksi ya HiAce yenye gia tano, yenye viungo ubavuni, ya ukoo mmoja na ile ya Hilux. Katika ukoo huo lile ganda la mbele linalofunika klachi na kushikana na injini, mafundi huliita belihauzi, halikuyeyushwa pamoja na mwili wa gia boksi. Limefungwa kwa bolti. Ukipata gia boksi mbili za ukoo mmoja, unaweza kuvua belihauzi ya dizeli ukaivisha gia boksi ya petroli, na kila kipande kikabaki cha kiwandani.

Tuliipata Bungoma, kwenye HiAce iliyopinduka. Namna alivyoikagua ndiyo somo langu la kwanza la kweli katika ufundi. Muuzaji aliiweka juu ya tairi, akaizungusha, ikazunguka kimya kabisa, akatabasamu. Fundi akafungua bolti ya chini, akachovya kidole. Oili ilikuwa nzito kama asali ya zamani. Gia boksi ile huhitaji oili namba 90 au nyepesi zaidi. Mtu alikuwa amemwaga 140 ili meno yaliyolika yasiseme. Akaimwaga yote. Akasugua tone moja kati ya vidole, akavigeuza juani akitafuta vumbi la shaba, ambalo ni dalili ya ring za sinkro kuliwa. Akaangalia chembe zilizonasa kwenye bolti. Vumbi laini la kijivu si neno; kipande chenye ncha ni jino la mtu.

Kisha akaomba chaki. Akachora alama kwenye shafti ya mbele, nyingine kwenye shafti ya nyuma, akaweka gia ya nne, akazungusha. Alama zikaenda pamoja, moja kwa moja. Akaweka ya kwanza: mbele ilizunguka karibu mara nne ndipo nyuma ikamaliza mzunguko mmoja. Akaweka ya tano, akaniambia nihesabu mbele, yeye anahesabu nyuma. Nilipofika 17, yeye alikuwa 20. "Sifuri nukta themanini na tano," alisema, akafuta mikono. Muuzaji alitutazama kama watu waliokuja kupima kiwanja. Tangu siku ile sijanunua gia boksi bila chaki mfukoni. Haihitaji kitabu wala mashine, nayo hukuambia kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakijui.

Hiyo 0.85 alikuwa akiitafuta kwa makusudi, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa maana ndipo penye roho ya kazi hii. Tairi la HiAce likizunguka mara moja gari husogea mita mbili na kidogo. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka karibu mara 640 kwa dakika. Difu ya van ile ilikuwa na meno 41 kwenye gurudumu kubwa na 9 kwenye dogo, tulifungua tukahesabu. Kwa gia ya nne, ambayo haiongezi wala kupunguza, injini inalazimika kuzunguka karibu mara 2,900. Kwa 2Y hilo ni jambo la kawaida, petroli hupenda kupanda hadi karibu 5,000. Lakini 3L huishiwa pumzi karibu na 4,000, na nguvu yake ya kuvuta iko kileleni karibu na 2,400. Ukiiacha na gia nne itasafiri siku nzima ikipiga kelele, ikila mafuta yale yale uliyoyakimbia. Weka gia ya tano yenye 0.85, na kwa mwendo ule ule inazunguka karibu 2,470. Kidhibiti mwendo cha Michuki kiliifunga van kwenye 80, na kwa gia boksi ile 80 ikaangukia mahali ambapo injini inavuta vizuri kuliko pote.

Watu wengi waliogeuza van zao kuwa dizeli miaka ile walirudi wakisema dizeli haina faida. Injini zao hazikuwa mbovu. Walinunua injini wakabaki na hesabu ya petroli.

Belihauzi ya Hilux ilikaa kwenye gia boksi ya Bungoma bila ubishi. Mjomba akafurahi, akataka kuita dereva. Fundi akaenda mtoni. Namaanisha hivyo hivyo: tulikwenda kuchukua udongo wa mfinyanzi, mweusi, laini, tukauchagua mawe kama mchele. Mwisho wa shafti ya mbele ya gia boksi huwa na ncha nyembamba inayoingia kwenye bering ndogo katikati ya kranki shafti. Ncha hiyo ikikosa kushikwa, shafti nzima inaning'inia upande mmoja, na gia boksi itakufa polepole huku ikilia kila ukikanyaga klachi. Ikiwa ndefu mno ikagonga, utaisukuma kranki kila unapokaza bolti, na utakuwa umeua injini kabla hujaiwasha. Fundi alijaza udongo kwenye tundu la kranki, tukainua gia boksi, tukaifunga kwa bolti zote, tukaishusha tena. Ndani ya udongo kulikuwa na alama ya ncha. Akaipima kwa venia. Shafti ilikuwa fupi, ilikuwa inashika ukingo tu wa bering.

Wa haraka angesema: chukua shafti ya mbele ya gia boksi ya Hilux, ndiyo yenye urefu sahihi. Fundi alilifikiria hilo pia. Alizifungua zote mbili juu ya meza iliyotandikwa gunia safi, akahesabu meno ya gia iliyochongwa kwenye kila shafti. Hayakulingana. Shafti ya mbele husaga na ile ya chini ndani ya gia boksi. Ukibadilisha moja peke yake, meno hayatakutana sawasawa, na uwiano wa gia zote isipokuwa ya nne utabadilika. Upande wa klachi tulikuwa na heri: mifereji ya shafti ilikuwa 21 kwenye zote mbili, kwa hiyo klachi pleti ya dizeli, iliyo pana zaidi, iliingia bila kulazimishwa.

Iliyobaki ni bushi. Tororo kuna watu wa kukereza chuma ambao hutawapata kwenye miji mingi ya ukubwa ule. Kiwanda cha saruji kipo tangu miaka ya 1950, na reli ya kwenda Mbale na Soroti inagawanyika pale pale. Vyote viwili vilihitaji watu wanaoweza kutengeneza kipande ambacho hakiuzwi. Mzee mmoja aliyestaafu alikuwa na mashine yake nyuma ya nyumba. Nilivuka na karatasi ya vipimo na bering ya zamani. Aliisoma karatasi, akaniuliza swali moja tu: ncha ya shafti ingekwenda umbali gani ndani. Nilimjibu. Akakereza bushi ya shaba ngumu yenye ngazi: nje inakaa kwenye tundu la kranki kwa kubana, ndani inatoka mbele kuifuata shafti mahali ilipo. Alipoimaliza aliidondosha kwenye kikombe cha oili ya moto, akaiacha humo tulipokuwa tukinywa chai. Nilirudi Malaba nayo mfukoni. Askari mmoja pale mpakani alitaka kujua ni nini, nikamwambia ni bushi, akaipima uzito mkononi, akauliza kama ni dhahabu. Nilimwambia ingekuwa dhahabu nisingepita kwake.

Kabla ya kufunga, fundi alifanya jambo ambalo naliona likirukwa kila siku. Alinasa geji ya saa kwa sumaku kwenye flaiwili, ncha yake ikagusa ukingo wa tundu la katikati la belihauzi, akaniambia niizungushe injini kwa spana, taratibu. Sindano ilitembea kidogo, ikarudi. Kama ingetembea zaidi ya robo ya milimita, katikati ya injini na katikati ya gia boksi zisingekuwa mstari mmoja, na hakuna bering itakayovumilia hilo. Belihauzi ile ilikuwa ya kiwandani, na pini za kuelekeza zilikuwepo, kwa hiyo alijua jibu kabla ya kupima. Alipima hata hivyo. Wanaotengeneza pleti kwa grenda na jicho hawana pini, na ndio hasa wanaopaswa kupima, ndio wasiopima.

Mengine yalikwenda upesi. Gia boksi ya gia tano ni ndefu kuliko ya gia nne, kwa hiyo propela ya mbele ilikatwa, ikachomelewa na mtu wa propela za malori, aliyehakikisha masikio ya krosi pande zote yamelala mlalo mmoja. Yakipishana, gari litatetemeka hata ukilifanyia nini. Krosmemba ya gia boksi ilisogezwa. Viungo vya usukani vilitoka kwenye ile van ya Bungoma pamoja na sahani yake, kwa maana viungo vya gia nne havijui gia ya tano ilipo. Kigia cha plastiki cha spidomita kilichaguliwa kwa difu yetu, la sivyo saa ya mwendo ingemdanganya dereva. Oili tuliweka ya daraja la GL-4, kwa kuwa GL-5, ile ya difu, ina dawa ya salfa inayoweza kuidhuru shaba ya sinkro. Na jambo moja la breki ambalo si la gia lakini limeua watu: dizeli haina uvutaji wa hewa kama petroli, kwa hiyo lazima alteneta ije na pampu yake ya vakyumu nyuma. Mtu akiifunga 3L na alteneta ya kuokota isiyo na pampu, gari litakwenda vizuri sana hadi siku ya kusimama.

Karatasi nazo zilibadilishwa. Namba ya injini imo kwenye kitabu cha gari, na polisi wa mpakani wanajua kuinua kiti cha dereva. Mjomba alisumbuliwa na hilo kuliko na chuma chochote, sitaki kulirefusha.

Van ilipotoka, kitu ambacho mjomba alijisifia kilikuwa injini. Kitu ambacho mimi nilikiona ni kile fundi alichofanya mwisho. Alichukua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, akainua kiti, na ndani ya kifuniko cha chuma akaandika kwa herufi kubwa za mkono: injini 3L, gia boksi HiAce gia 5, belihauzi Hilux dizeli, klachi pleti na presha pleti za Hilux 3L, bushi ya kranki ya kukereza, na vipimo vyake vitatu, difu 41 kwa 9, oili GL-4. Mjomba aliuliza kama ni tangazo la biashara. Fundi alisema gari hili sasa halina kitabu cha Toyota, basi lazima liwe na kitabu chake.

Miaka michache baadaye klachi iliisha van ikiwa imekodiwa kupeleka watu msibani, mbali na kwetu, njia ya kwenda Eldoret. Fundi wa pale alikuwa hajawahi kuiona. Mjomba alinipigia simu kwa hofu, na kabla sijamaliza kumweleza akanikatiza: kijana ameinua kiti, amesoma, ametuma mtu dukani akanunue klachi ya Hilux. Jioni walikuwa njiani. Nikilinganisha na van nyingine niliyoletewa baadaye hapa Tororo, iliyofungwa injini kwa pleti ya kuchomelea na mtu aliyekwisha hama, tofauti yake si ubora wa kuchomelea. Kuchomelea kulikuwa kuzuri. Hatukujua klachi ni ya gari gani, tukajaribu tatu. Hatukujua ndani ya kranki kuna nini hadi tulipofungua. Mwenye gari alilipia upya kazi ya kufikiri ambayo alikuwa ameshailipia. Fundi wa aina ile hupenda kutafutwa yeye tu, na huona hiyo ni heshima. Mimi naona kazi ambayo haiwezi kutengenezwa na mwingine haijakwisha, hata kama gari linatembea.

Van kuukuu hazitaisha kwetu hivi karibuni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyotimiza miaka 15; kwa hiyo yaliyokwisha kuingia yanazidi kuthaminiwa, na injini zinabadilishwa mwili ukiwa ule ule. Sasa wamekuja na umeme. Kampuni ya Opibus, ambayo siku hizi huitwa Roam, iliyoanza mwaka 2017 na yenye makao Nairobi, ilijulikana kwanza kwa kugeuza magari ya safari kuwa ya umeme, na vijana wa huku wamesikia. Mwezi uliopita mmoja alifika na HiAce ya baba yake, pua fupi, mwili mzuri, injini imekufa, na simu iliyojaa picha za mota. Alinieleza kilowati, betri, chaji, kilomita.

Nikamsikiliza hadi mwisho, nikamwuliza kuhusu gia boksi. Alisema mota ya umeme haihitaji gia, ina nguvu yake yote tangu sifuri. Ni kweli. Nikamwuliza basi mota itakaa wapi: nyuma ya gia boksi, ashikanishe na propela moja kwa moja, au mbele, aiache gia boksi na kuiweka gia moja daima? Akiiacha, klachi ataitoa au ataibakiza? Na difu ya 41 kwa 9, je, mota yake itazunguka mara ngapi kwa 80?

Alitoa kalamu. Nilimwambia aingie chini ya gari kwanza, chaki iko mezani.